Waya wa Kwenda kwa Bakari

Tulipoingia chumbani, kitu cha kwanza nilichokiona ni mkono wa Mwanahawa ukimpokonya mama yake simu na kuisukumiza chini ya mto. Alifanya haraka, kwa mazoea, huku akitukaribisha kwa ile sauti ya chini ya mtu anayeuguza. Mama Bakari alikuwa amelala ubavu, uso umekuwa mdogo kuliko nilivyouacha, na kutoka chini ya mto ile simu iliendelea kutoa muziki wa gemu ya kupanga matunda. Shabani, niliyekuja naye, alitaka kucheka akajizuia. Tulikuwa tumetoka naye mjini mpaka Pongwe baada ya kuswali alasiri, kama watu wanavyokwenda kumjulia hali mgonjwa, mimi na hotipoti ya uji wa mchele, yeye na machungwa kwenye mfuko. Shikamoo zikapita, pole zikapita. Mwanahawa akaomba radhi, ya nini hakusema. "We mwache," mama yake akamwambia. "Hawa si wageni. Hawa ndio wale wa waya." Kisha akatuambia jambo ambalo nitaliandika mahali pake, kwa sababu halina maana kwa mtu asiyeujua mwaka ule, na mwaka ule sijawahi kumsimulia mtu yeyote kwa ukamilifu. Nimekuwa mtu wa mitandao ya kompyuta maisha yangu yote. Ofisi zinaniita kutafuta kosa, nalitafuta, nalipata, nakwenda zangu. Hili moja nililitafuta nikiwa kijana, nikalikosa, na lilikuwa likipita mbele ya meza yangu kila siku.

Kafe yetu ya intaneti ilikuwa Ngamiani, Tanga, chumba kimoja kirefu kilichowahi kuwa duka la kanga. Mwenye nyumba alikuwa ameacha rafu za mbao ukutani, nasi tukazipangia kompyuta za mtumba zilizoingia na makontena, kila moja na rangi yake ya uzee. Mbele ilikuwa meza yangu, nyuma ulikuwa mlango wa uani ambako shangazi yangu alichemsha chai na kukaanga kachori za kuwauzia wateja. Ulikuwa wakati ambao kila kitu kilikuwa kinauzwa. Viwanda vilipata wenyewe wapya, na wenyewe wapya wakavifunga; mashamba ya mkonge yakawa vichaka; wanaume waliozoea kuondoka na ovaroli alfajiri walishinda barazani wakisoma magazeti ya jana. Misiba ilikuwa haikauki mtaani, na hakuna aliyetaja imeletwa na nini. Walisema kifua. Walisema malaria imempanda kichwani. Walisema amefanyiwa na wenziwe wa kazini. Vijana walikuja kuandikia vyuo vya nje ambavyo havikuwajibu, na walipochoka kutojibiwa, walicheza vita.

Vita hiyo alituletea Bakari. Alikuwa fundi umeme katika kiwanda kimojawapo cha vile vilivyofungwa, na alipopunguzwa kazi alikuja kafe na sidii zake ndani ya mfuko wa rambo, akaniomba kompyuta iliyokuwa haina mteja. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba kompyuta moja inaweza kuwa mwenyeji na nyingine zikawa wageni wake. Kwamba huyo mwenyeji ndiyo seva, ndiye anayeushika uwanja, ndiye anayejua nani yumo na nani katoka. Ilikuwa vita ya pande mbili ndani ya mji wa mawe wenye kisima katikati, na aliyekishika kisima alishinda. Wachezaji walipopiga kelele kwamba hawaingii, Bakari hakuwasikiliza wao kwanza. "Anza kwako, Mwanaidi," alikuwa akiniambia. "Tazama kama seva umeiwasha. Tazama kama anwani ya mgeni, ile namba ya kompyuta yake, hukumpa mtu mwingine. Halafu ndiyo umwendee mgeni." Nilimpenda, ndiyo. Hakujua, au alijua akanisitiri.

Alianza kwa kukohoa. Halafu akawa anakuja na sweta wakati sisi wengine tunajipepea kwa maboksi. Halafu mdomo ukamfanya vidonda, kachori za shangazi akawa anazishika tu mkononi mpaka zipoe, anampa Elia, mmoja wa wachezaji wetu. Halafu hakuja. Alilazwa hospitali, na baada ya muda wakamrudisha nyumbani, na maana ya kurudishwa namna ile tuliijua sote, hata Shabani aliyekuwa akipenda kujifanya hajui mambo. Nyumba ya kina Bakari ilikuwa mgongoni mwa kafe, kati yake na yetu pana ua wa majirani na mwarobaini mmoja. Tukikaa kimya mchana tulimsikia akikohoa. Kwa hiyo hatukuwa tukikaa kimya.

Wazo lilikuwa la Shabani, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga madishi ya televisheni juu ya mapaa ya watu, na juu ya paa alikuwa na akili kuliko chini. "Mtu kama hawezi kuifuata seva," alisema, "seva si imfuate yeye?" Tulichukua kompyuta moja mbovumbovu, ile iliyokuwa ikionyesha rangi ya kijani tu, tukaipeleka chumbani kwa Bakari na kuiweka juu ya stuli pembeni ya kitanda. Shabani akaupitisha waya kutoka kwenye swichi yetu, kile kisanduku kilichoziunganisha kompyuta zote, juu ya paa, mwarobainini, mpaka dirishani kwa mgonjwa, ambako alitoboa wavu wa mbu ili uingie. Chumba kilikuwa na harufu ya ubani na dawa ya kuoshea vidonda. Chandarua kilikuwa kimefungwa fundo juu, chini pana ndoo yenye kifuniko. Mama Bakari alisimama mlangoni muda wote, ameshika ushungi wake kwa meno, na alipotuona tunamaliza akauliza: "Na huo moto wake hautamdhuru?" Bakari akamwambia hapana mama, hauna moto huu, huu ni wa maneno tu.

Jioni ile jina lake likaonekana kwenye seva. Elia alikuwa amekaa kisimani amejipumzisha. Huyu alikuwa Mshambaa wa Lushoto, Mluteri, mtu mpole aliyekuwa akingoja ajira ya ualimu isiyokuja. Bakari alimpiga risasi ya kichwa, kisha akaandika ili tusome wote: NANI KAKUPA RUHUSA KUKAA KWANGU. Kafe nzima ilisimama. Shabani alipiga meza mpaka kibao cha herufi kikaanguka. Nilimtazama yule askari wake akikimbia juu ya kuta, akiruka, akigeuka, nikajifuta macho kwa mkono wa baibui. Kitandani alikuwa hawezi kujigeuza bila mama yake. Pale alikuwa na miguu.

Ndiyo maana waya ulipoanza kukatika tuliuchukulia kama watu wanavyoichukulia pumzi ya mgonjwa. Ulikatika alasiri. Asubuhi alikuwemo, mchana alikuwemo, tukiwa watu wawili watatu, mimi nikicheza vibaya ili apate wa kumpiga. Vijana walipoanza kumiminika, shule zimetoka, vibarua wametoka bandarini, mchezo ndiyo unakolea, askari wa Bakari angesimama ghafla kama aliyepigwa na butwaa, mguu mmoja mbele, kisha angepotea, na seva ingeandika kwamba mawasiliano na mchezaji huyu yamekatika. Haikuandika kwamba ametoka. Hilo nililishikilia sana: mtu akiondoka mwenyewe, seva husema ametoka. Huyu alikuwa akikatwa. Baada ya magharibi angerudi mara nyingine, lakini wakati huo nguvu zilikuwa zimemwishia na kidole hakikumtii. Alikuwa amebakiwa na saa chache za siku ambazo mwili ulimruhusu kuwa na watu, na hizo ndizo tulizokuwa tukizipoteza.

Nilianza kwangu, kama alivyonifunza. Niliikagua anwani yake, nikamfungia moja isiyoweza kupewa mteja mwingine. Nikauhamisha waya wake tundu jingine la swichi, halafu nikabadili swichi yenyewe. Nikauondoa ule utaratibu wa seva kumfukuza mchezaji anayekaa bila kujigusa, maana nilidhani labda anachoka, anatulia, seva inamtoa. Bado. Elia akaja na hesabu ya jua: bati linashika moto tangu adhuhuri, waya unalainika, ikifika alasiri hauna nguvu. Tukautandikia magunia. Bado. Shabani akasema ni friji la yule jirani muuza barafu, likiwaka linaunyonya umeme wa mtaa mzima; tukamwendea jirani tukamwomba alizime alasiri moja tu, akatutukana, akalizima. Bado. Wakati huo umeme ulikuwa wa mgao, na siku za giza nilikaribia kushukuru, kwa kuwa siku za giza tulijua kilichomtoa.

Kitu kimoja kilitusumbua zaidi. Ile klipu ya plastiki ya mwisho wa waya, inayoingia kwenye kompyuta na kushika kwa kijilimi chake, Shabani aliikuta imevunjika kijilimi. Akaweka mpya. Baada ya siku chache imevunjika tena. "Hii klipu inachomolewa kwa nguvu," alisema, akiwa ameishika kwenye kiganja kama jino. "Na haichomoki yenyewe hii." Tukaenda wote wawili asubuhi kuuliza. Mama Bakari alitupa chai ya tangawizi na vitumbua, akakaa nasi kwenye mkeka, mtu anayeshukuru kila kitu. Nilimuuliza kama kuna mtu anaugusa waya. "Nani auguse, mwanangu? Labda paka. Paka hapa wapita dirishani kama kwao." Akainuka kwenda jikoni kutazama moto ambao niliuona toka nilipokaa kwamba umezimika. Bakari alicheka kitandani, kicheko kikageuka kikohozi, na kilipotulia akasema, "Ni chumvi ya bahari, Mwanaidi. Chumvi yala bati, yala reli, yala mpaka meli. Itauacha waya wako?" Shabani akaukagua ule waya, na kweli shaba yake ilikuwa imeanza kuota kijani kwenye ncha. Tuliondoka tumeridhika. Mtu akikupa kosa unaloweza kulirekebisha, unamshukuru.

Na kila alasiri, huku nikikodolea macho jina lake, wanawake walipita mbele ya mlango wetu. Shangazi alikuwa miongoni mwao. Akimaliza kuswali alifunika jiko, akavaa baibui, akachukua hotipoti ya uji, na wenzake wa mtaa wakampitia. "Tunakwenda kwa mgonjwa," aliniambia kila siku, nami nilimjibu, "Haya shangazi, mpe pole," bila kugeuza shingo, kwa sababu ndio wakati ambao waya ulikuwa unakatika na sikutaka nisiwepo. Sisi vijana tulikwenda kwa Bakari asubuhi. Alasiri ilikuwa ya kina mama, tangu dunia iumbwe, na hakuna kijana mwenye adabu angejipenyeza katikati ya kundi lile chumbani. Walikaa mkekani, wakaomba dua, wakasimulia wagonjwa wengine waliopona, wakatoa sadaka chini ya mto, wakamtazama usoni kuona amefikia wapi. Waliporudi nilimsikia shangazi uani akiwaambia watu: "Maskini, hata jicho halifungui. Kalala tu kageukia ukuta." Nami nikasema moyoni, kumbe waya ukikatika anakata tamaa kiasi hicho. Nikaongeza bidii.

Siku ya mwisho tulikuwa tumeamua kuung'oa waya wote na kuanza upya. Shabani alipata waya mzito wa nje, wenye ganda jeusi, uliobaki kazini kwake, akaupitishia njia nyingine kabisa, ndani ya bomba la plastiki, mbali na bati na mwarobaini. Klipu nilizibana mimi mwenyewe, zote mbili, nikipanga zile nyuzi za rangi moja moja. Bakari alikuwa amelala tulipokuwa tukifunga upande wake, au alikuwa amefumba macho. Alikuwa ameisha. Nasema hivyo kwa kuwa sina neno jingine. Shuka ilikuwa imelala kama haina mtu. Nilipounganisha, akafungua jicho moja akasema, "Leo utakaa?" Nikamwambia utakaa. Akasema, "Basi mama kazi anayo." Niliona ni maneno ya homa.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Kafe ilijaa, wengine wamesimama nyuma ya viti. Jina lake lilikuwemo, na askari wake yuko kisimani. Wanawake wakapita. Shangazi akaniambia wanakwenda kwa mgonjwa, nikamwambia haya. Nikangoja. Jina likabaki. Nikatazama nambari za kasi ya mawasiliano yake kwenye seva, zilikuwa nzuri kuliko siku zote, maji yaliyotulia. "Umekaa!" Shabani alipiga ukelele, akaninyanyua na kiti changu. Kafe ikalipuka. Watu ambao hata hawakumjua Bakari walikuwa wakipiga makofi. Hakuwa akijigusa, amesimama tu kisimani, bunduki mbele, na Elia akasema, "Huyu anatuvizia, namjua," akawaambia wenzake wote, wa pande zote mbili, waache kupigana wakamzunguke. Wakasimama duara kumlindia kisima chake. Tukatoka mpaka mlango wa uani tukimwita kwa sauti kupita juu ya ua wa majirani, Bakari, Bakari, umekaa, na vijana wakalifanya wimbo.

Shangazi akarudi akasimama mlangoni na hotipoti yake haijafunguliwa. "We Mwanaidi, mbona kwa Mama Bakari hawafungui leo? Twabisha, twapiga hodi, kimya."

"Labda mama kapitiwa na usingizi, shangazi. Bakari mwenyewe hajambo, yumo humu anacheza."

"Anacheza?" Alinitazama kama niliyetukana. "Bakari yule? Anacheza nini?"

Kilio kikatoka nyuma ya ua, cha mtu mmoja, kisha cha wale waliokuwa barazani. Kafe ikanyamaza kiti kwa kiti. Kwenye kioo cha seva jina lake lilikuwa palepale na nambari zake zilikuwa nzuri, kwa maana zile nambari hupima waya, hazimpimi mtu. Elia aliondoa mkono kwenye kipanya chake taratibu akauweka mapajani. Mtaa ukiwa na msiba hakipigwi muziki wala haichezwi michezo, na mwenye kuzima nilikuwa mimi. Niliunyoosha mkono kwenye seva mara ya kwanza nikashindwa. Mara ya pili nikaizima.

Baada ya matanga walituletea ile kompyuta ikiwa imefungwa kwenye kanga. Maneno yalizunguka mtaani kwamba mgonjwa alikuwa akipelekewa uji na sadaka huku kitandani anacheza gemu, na Mama Bakari hakuwajibu. Alihamia Pongwe kwa Mwanahawa. Elia alirudi milimani. Kafe haikumaliza mwaka. Mimi niliondoka Tanga na maarifa yaliyonilisha mpaka leo, na kwa miaka yote hiyo niliamini, kwa uchungu na kwa fahari kidogo, kwamba kosa lilikuwa chumvi, na kwamba tuliushinda waya siku ambayo haikusaidia.

Mama Bakari aliivuta ile simu chini ya mto, akaitazama, akaizima. "Mwaona," alisema, "hata mie sasa naficha. Mgonjwa akionekana na furaha, watu hawamhurumii tena. Waya ule nilikuwa nachomoa mie. Nikisikia hodi, nachomoa, natupa nje ya dirisha, ile mashine naifunika kanga, na yeye ageukia ukuta; wakienda zao, naurudisha. Sikujua kuzima kwengine. Bakari akaniambia mama usiwaambie, watakuona mbaya. Mie nitawaambia ni chumvi, akasema."

Shabani alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimuuliza Mama Bakari kuhusu siku ile, nikidhani najua: kwamba alikuwa ameshughulika na mwanawe, hakukumbuka waya.

"N'likumbuka," alisema. "Alikuwa kesha kwenda. N'shamfumba macho, n'shamfunga kidevu. Nasikia hodi mlangoni, nikaushika waya, kwa mazoea tu. Na nyie nawasikia kule uani mwamwita. Mwafurahi. Toka augue sikumsikia mtu akilitaja jina lake kwa furaha. N'kasema nikiuchomoa huu, ndiyo nimemzika. Nikauachia, nikakaa kitako pale chini kando ya kitanda, nikasema hawa wakinyamaza ndipo nilie." Akanishika mkono, mkono wake mkavu na mwepesi. "Nikangoja, mwanangu. Hamkunyamaza."